Kabla ya Kuuliza Mlango wa Mashine Uko Wapi, Tazama Tangi Lako

Muuzaji wa vyombo vya umeme katikati ya Kampala atakuuliza mambo mawili hata kabla hujamaliza kusalimia: nyumbani mko wangapi, na umekuja na shilingi ngapi. Ukimjibu, anakuelekeza pembe yako ya duka. Mwenye pesa anapelekwa kwenye mashine za kufulia za mlango wa mbele, zile zenye kioo cha duara na vitaa vinavyometa. Wa katikati anaonyeshwa zenye mfuniko wa juu. Aliyebaki anaonyeshwa ile ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, iliyosukumwa kule nyuma karibu na pasi na majiko ya gesi kana kwamba duka linaionea haya. Hakuna anayeuliza tangi lako la maji limekaa kwenye stendi ya urefu gani. Kwa nyumba nyingi za Uganda, hilo ndilo swali lenyewe, na yaliyobaki yanalifuata.

Tatizo ni kwamba ushauri tunaousoma kuhusu mashine hizi umeandikwa na watu wa nchi ambako maji hutoka bombani kwa nguvu usiku na mchana. Huko mlango wa mbele hushinda karibu kila shindano, na hushinda kwa haki. Pipa lake limelala ubavu. Linapozunguka, mapezi ya ndani huinua nguo hadi juu kisha huziachia zianguke kwenye maji machache yaliyotulia chini, na kule kuanguka ndiko kufua kwenyewe. Nguo hazihitaji kuelea. Ndiyo maana mashine ya kilo saba hutumia takriban lita 40 hadi 60 kwa kufua na kusuuza kote. Mashine ya mfuniko wa juu, ambayo pipa lake limesimama wima, haina njia hiyo. Nguo zake lazima zielee ndipo sahani inayozunguka chini iweze kuzisukuma huku na huku, na kila suuzo linataka pipa lijazwe upya. Hapo unazungumzia lita 100 na zaidi, na ukijaza mzigo kamili, 120 hadi 150.

Tuliweke hilo katika jerikeni, kwa sababu ndicho kipimo tunachokielewa mgongoni. Lita 50 ni jerikeni mbili na nusu. Lita 120 ni jerikeni sita. Familia inayofua mizigo minne kwa wiki itakuta tofauti ya lita 280, sawa na jerikeni 14, kila wiki ya mwaka. Anayenunua maji kwa mchuuzi wa baiskeli siku bomba linapokauka hahitaji kuchorewa jedwali.

Basi mjadala umekwisha, mlango wa mbele umeshinda? Hapana. Mashine ile inayotumia maji machache ndiyo inayodeka zaidi juu ya namna maji hayo yanavyoifikia. Anayeihitaji kuliko wote, yule ambaye maji yake ni ya kubahatisha, ndiye ambaye nyumba yake haiwezi kuilisha.

Maji yaliyosimama ndani ya bomba hutoa msukumo wa takriban baa moja (baa ni kipimo cha msukumo) kwa kila mita kumi za kimo. Ukisoma kibandiko cha nyuma au kijitabu cha mashine nyingi za mlango wa mbele, utaona zinadai msukumo usiopungua 0.05 MPa, ambayo ni nusu baa. Baadhi hukubali 0.03. Nusu baa ni mita tano za kimo, kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi pale mpira wa maji unapoingilia nyuma ya mashine. Sasa toka nje utazame tangi lako. Tuseme limekaa juu ya stendi ya chuma ya mita tatu. Ondoa karibu mita moja, kwa kuwa tundu la maji la mashine haliko sakafuni. Ongeza kimo cha maji yaliyomo tangini, lakini usiyategemee sana, maana yanapungua kila mtu anapooga. Umebaki na mita mbili, labda tatu. Mashine itawaka, itafunga mlango wake kwa mlio wa kuridhisha, kisha itakaa kimya ikisubiri. Baada ya muda itakuandikia herufi na namba ya kosa, na utampigia simu fundi ukidhani umeuziwa mashine mbovu.

Ubovu haupo. Vali ya umeme inayoruhusu maji kuingia ina kiwambo cha mpira ambacho kwa kawaida hutegemea msukumo wa maji yenyewe kufunguka na kujifunga sawasawa. Msukumo ukiwa mdogo maji yanachuruzika tu, na kompyuta ya mashine, iliyopangiwa muda wa kujaza, inahesabu kwamba bomba limefungwa. Wapo mafundi wanaoondoa kile kizibo chembamba kinachopunguza maji mlangoni mwa vali, na mara nyingine inasaidia. Kabla ya kufika huko, fungua mpira wa maji usafishe kichujio cha wavu kilicho pale, hasa kama maji yako hukatika na kurudi na tope. Kichujio kilichojaa mchanga na tangi lililo chini hutoa dalili zilezile.

Jiji lenyewe linaishi kwa hesabu hiyo ya kimo. Maji mengi ya jiji, yatokayo Ziwa Victoria, hutibiwa Ggaba kando ya ziwa, yakasukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi makubwa ya Muyenga, mlima ambao watu wameupa jina la matangi hayo, halafu yakateremka kwa uzito wake. Anayekaa bondeni, maji yakiwapo, huyapata kwa kishindo. Anayekaa kileleni mwisho wa laini hupata yaliyobaki baada ya wenzake wa chini kufungua bomba zao. Majirani wawili waliotenganishwa na mteremko mmoja wanaweza kununua mashine ileile siku ileile, na mmoja akaisifu mwaka mzima huku mwenzake akiitafutia mnunuzi. Nikisoma sifa na lawama za wanunuzi juu ya mashine fulani, huwa natamani kwanza kujua nyumba zao ziko upande gani wa mlima.

Aliyekwisha kununua, au aliyeamua kwamba lazima iwe ya mlango wa mbele, ana njia za kujinasua. Kupandisha tangi ndiyo njia safi zaidi na ndiyo ghali zaidi, kwa sababu tangi la lita elfu moja likijaa lina uzito wa tani moja ya maji, na stendi ya kubeba tani moja mita sita juu haichomelewi na mtu yeyote tu mwenye mashine ya kuchomea. Pampu ndogo ya kuongeza msukumo ni rahisi zaidi. Wengine huipinga kwa kusema ikikosa umeme haifanyi kazi, hoja ambayo sijawahi kuielewa, kwani hata mashine yenyewe haifui bila umeme. Njia ya tatu ni kumimina maji kwa mkono kupitia droo ya sabuni. Inawezekana, lakini mashine itataka maji ya kufua, kisha ya suuzo la kwanza, la pili, pengine la tatu, na kila mara itabidi uwepo pale na kopo. Mtu aliyelipa mamilioni ili aache kufua kwa mkono, kisha anasimama kumnywesha mfuaji wake, amepewa kazi mpya tu.

Umeme unaogopwa kuliko inavyostahili. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme ulipotoka kwa kampuni binafsi iitwayo Umeme na kuingia mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, mazungumzo ya mtaani yamejaa mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, na uniti zinavyoyeyuka, na mashine ya kufulia hutajwa kati ya washukiwa wa kwanza. Kinachokula umeme kwenye mashine hizi ni hita, si mota. Mashine ya mlango wa mbele kwa kawaida ina hita ya wati 2000 hivi ndani yake, na kufua pamba kwa nyuzi 60 kunachukua karibu uniti moja. Ukifua kwa maji baridi, unashuka hadi sehemu ndogo tu ya uniti. Hata ukiwa umemaliza zile uniti 15 za mwanzo wa mwezi zinazouzwa kwa bei nafuu, uniti moja baada ya hapo ni shilingi mia saba na kitu. Mzigo wa nguo wa kilo saba kwa chini ya shilingi elfu moja ya umeme, na hapo umechemsha maji! Mashine nyingi za mfuniko wa juu zinazouzwa kwetu hazina hita kabisa, na wauzaji wanaziita nafuu kwa umeme kwa sababu hiyo. Ni kweli, lakini ni unafuu ambao hata ile nyingine inao ukizungusha kitufe mpaka kwenye baridi. Kwa wenye nyumba za sola hesabu ni kali zaidi. Inveta ndogo itabeba mota bila shida na kuzimika pale hita itakapowaka, kwa hiyo maji baridi kwao ni lazima.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni umeme unaokatika katikati ya kazi na kurudi kwa kishindo. Ile ya mapipa mawili inaendeshwa na saa ya kuzungusha kwa mkono. Umeme ukienda inasimama, ukirudi unazungusha saa tena na kuendelea, na hakuna bodi ya kuungua. Ya mlango wa mbele ina bodi ya elektroniki ambayo volti zikipanda ghafla huenda nayo, na bei ya bodi inaweza kukufanya uulize bei ya mashine nzima. Kile kifaa cha kulinda friji ambacho tayari umekizoea hufaa hapa pia, ila hakikisha kinabeba mzigo wa hita. Jambo jingine ambalo duka halikuambii ni kwamba umeme ukikatika pipa likiwa na maji, huwezi kufungua tu ukatoa nguo. Hata mlango ukikubali kufunguka, maji yatakuishia miguuni. Kwenye kona ya chini mbele, mashine nyingi zina kidirisha kidogo, na ndani yake kizibo cha kichujio, mara nyingi pamoja na mpira mwembamba wa kutolea maji polepole kwenye beseni. Kifahamu kidirisha hicho siku ya kwanza, mchana, kabla hujakitafuta gizani kwa tochi ya simu.

Sasa nitetee ile iliyofichwa nyuma ya duka.

Mashine ya mapipa mawili hudharauliwa kwa kuwa si ya kujiendesha. Unaijaza, unafua upande mmoja, unahamisha nguo zilizoloa kwa mikono yako hadi upande wa kukamulia. Hayo yote ni kweli. Lakini takwimu za matumizi ya maji zinazobandikwa kwenye mashine hudhani kwamba maji yakishatumika yanamwagwa. Nani Kampala anamwaga maji ya sabuni baada ya mzigo mmoja? Katika pipa la wazi, maji ya kwanza yanafua mashati meupe ya shule na kanzu ya Ijumaa. Maji yaleyale yanafua nguo za rangi. Ya mwisho, yakiwa tayari kijivu, yanamaliza jinzi za kazini na matambara ya kupigia deki, na yale ya suuzo yanabaki kwenye ndoo kwa ajili ya choo. Ukigawa lita zile kwa mizigo mitatu, mashine iliyoonekana mlafi inakaribia kabisa ile ya mlango wa mbele, na haikudai hata robo ya baa ya msukumo. Inajazwa kwa ndoo, inajazwa kwa mpira wa bustani, inajazwa kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati.

Maji ya mvua hayana chumvi za kufanya sabuni igande, na maji ya ziwa pia ni laini. Mwenye kisima cha kuchimba ana hadithi nyingine. Sehemu kadhaa za nchi yetu visima hutoa maji yenye chuma, na mashati meupe hugeuka rangi ya chai kidogokidogo hata ukifua kwa mashine ya bei gani. Hapo mashine yenye hita haina faida ya ziada, na dawa ya klorini inaweza kuzidisha doa kwa kukifanya chuma kishike. Kinga mvua kwa nguo nyeupe, visima kwa nyingine.

Kwa habari ya kukamua, namba za mzunguko kwenye karatasi ya tangazo zinadanganya kwa namna ya adabu. Mapipa mawili wanaandika mizunguko 1300 kwa dakika, ya mlango wa mbele wanaandika 1200, na mnunuzi anaona ya kwanza imeshinda. Nguvu ya kukamua inategemea pia upana wa pipa: kwa mwendo ule ule, pipa lenye upana mara mbili linatoa nguvu mara mbili, na pipa la kukamulia la ile ndogo ni jembamba sana. Mlango wa mbele hukamua vizuri kuliko zote. Ya mfuniko wa juu, ambayo kwa kawaida inaishia mizunguko 700 hivi, ni ya mwisho.

Na kukamua kwetu si anasa. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba, nguo zinaweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka, zikinuka uvundo. Nguo mbichi iliyoanikwa kivulini pia ndiyo anayoipenda nzi wa maembe, yule anayetaga mayai kwenye kitambaa chenye unyevu, na funza wake akiangua hujichimbia kwenye ngozi ya mvaaji. Wazazi wetu walipiga pasi kila kitu, hadi nepi na soksi, kwa sababu joto la pasi linaua mayai hayo. Mashine inayotoa nguo zikiwa nusu kavu inapunguza saa za kambani, ila pasi haiistaafishi. Nimesikia watu wakidai kwamba ukifua kwa maji moto nzi huyo hana nafasi. Anataga baada ya kufua, kambani, kwa hiyo nyuzi 60 za jana hazimkatazi.

Maji moto yana sifa nyingine ambazo nazitilia shaka katika mazingira yetu. Damu na maziwa hushika zaidi yakipata joto. Utomvu wa ndizi, ambao kila anayemenya matoke anaufahamu, huacha doa jeusi ambalo sijaona programu yoyote ya mashine yoyote ikiliondoa, na joto halisaidii. Vitenge vyenye rangi inayochuja vitawapaka wenzake wote. Joto ni zuri kwa mashuka, taulo na nguo za mgonjwa. Kwa mengine, kipande cha sabuni ya mche kikisuguliwa kwenye kola na viwiko kabla ya kuingiza nguo kinafanya kazi kuliko nyuzi ishirini za ziada.

Sabuni yenyewe ni mtego kwa mnunuzi mpya. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, kwa sababu sisi tunapima usafi kwa povu. Ndani ya pipa lililolala, povu linakuwa mto laini, nguo zinaangukia juu yake badala ya kupiga maji, na hazifuliki. Mashine inahisi povu na kuongeza suuzo, na lita ulizodhani umeokoa zinaondoka hivyo. Mlango wa mbele unataka sabuni yake ya povu dogo, ambayo ni ghali zaidi na haipatikani kila kioski cha mtaa kama Bwaise. Zile zenye mapipa yaliyosimama hazijali sana. Katika hesabu ya miaka mitano, sabuni inaweza kukugharimu kuliko umeme, na sijaona muuzaji akiitaja.

Mashine ya katikati, ile ya mfuniko wa juu inayojiendesha yenyewe, ndiyo ninayoipendekeza kwa shingo upande, na najua wengi wanayo na wanaipenda. Inakunywa maji kuliko zote, inakamua vibaya kuliko zote, na sahani yake ya chini huzisokota nguo. Weka gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, na mshipi wake humo uone utakavyofungua fundo. Kinachofanya inunuliwe ni urahisi: unafungua katikati ya kazi ukaongeza soksi iliyosahaulika, unamimina ndoo kutoka juu ikahisi kimo cha maji na kuendelea, na huinami. Hili la kuinama nalichukulia kwa uzito. Hajati mwenye magoti mabovu hawezi kupiga goti mbele ya kioo cha duara kila Jumamosi kuvuta mashuka yaliyoloa, na kama anaishi peke yake na maji yake yanatoka, ningemnunulia ya mfuniko wa juu bila kubishana. Ningemwekea tu gomesi ndani ya mfuko wa wavu.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo linaamuliwa vibaya majumbani kuliko hata la maji. Anayechagua mashine mara nyingi si anayefua. Bwana wa nyumba anatazama kioo na taa, dada wa kazi ndiye atakayeitumia. Mashine yenye programu 15 zilizoandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kijerumani kama ni ya mtumba, inageuka kuwa mashine ya programu moja, ile aliyoonyeshwa siku ya kwanza. Kila kitu kinafuliwa kwa saa mbili na nusu kwa nyuzi 60, sweta za sufu zinatoka zimefaa mtoto, na lawama zinamwangukia yeye. Kama nyumba ina mtu anayefua, nendeni naye dukani. Mpeni nafasi aguse vitufe. Na kama mashine inakuja ili mama fua wa mtaani asiitwe tena, lisemwe wazi, kwa sababu hilo pia ni sehemu ya bei, ila linalipwa na mwingine.

Uzito ni suala la wapangaji. Mashine ya mlango wa mbele ina bonge la zege ndani yake la kuituliza inapokamua, na yote pamoja inafika kilo 60 au 70. Ile ya mapipa mawili mtu mmoja na mwanawe wanaibeba. Anayehamahama kati ya Kisaasi, Najjera na Kira kwa kufuata kodi afikirie ngazi. Afikirie pia zile bolti za safari zinazofunga pipa kwa nyuma. Lazima zitolewe kabla ya kufua mara ya kwanza, na zirudishwe kabla ya kuhama. Mashine inayorukaruka chumba kizima siku ya kwanza karibu kila mara bado imefungwa bolti zake, na sakafu isiyo sawa humalizia yaliyobaki.

Mpira wa kutolea maji nao una hila yake. Ya mlango wa mbele inasukuma maji machafu juu kwa pampu, na mpira wake unatakiwa upande juu kabla ya kushuka. Ukiulaza sakafuni kuelekea mtaro, kama tulivyozoea, maji yanajivuta yenyewe nje huku mashine ikiendelea kuingiza mengine, na utakuwa na mashine inayofua bila mwisho na mita ya maji inayozunguka. Ya mapipa mawili inamwaga kwa mteremko tu, kwa hiyo kwake kulaza mpira ndiyo njia sahihi.

Kwa mtumba, geuza mashine usome volti kabla ya kusoma bei. Yetu ni volti 240 na mzunguko wa 50 (Hz). Iliyotoka Uingereza inafaa, hata plagi yake ni ileile. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani ni ya volti 100, na ya Marekani ni 120 kwa mzunguko wa 60. Ukiichomeka moja kwa moja, umenunua bonge la zege. Kisha zungusha pipa kwa mkono ukisikiliza. Likinguruma kama kinu, beringi zimekwisha, na kwenye mashine nyingi za siku hizi pipa limeunganishwa kabisa kiwandani, beringi haibadilishwi bila kulipasua. Vuta mpira wa mlango utazame mikunjo yake ya chini. Ukikuta ukungu mweusi, ujue mwenye nayo hakuwa akiacha mlango wazi baada ya kufua, kosa ambalo katika unyevu wa Kampala halichukui muda kuonekana.

Hizi tofauti hazikutokea kwa bahati. Mashine ya kwanza ya nyumbani iliyojiendesha kikamilifu, ya Bendix mwaka 1937, ilikuwa ya mlango wa mbele na ilikuwa ya Kimarekani. Marekani yenyewe ikaiacha na kufuata za mfuniko wa juu baada ya General Electric kuleta yake mwaka 1947, kwa kuwa nyumba zao zilikuwa na nafasi na maji moto ya bomba. Ulaya, yenye vyumba finyu vya kupikia, ilibaki na mlango wa mbele unaoingia chini ya meza. Japani ikaingia mwaka 1953 na Sanyo na sahani inayozunguka, mashine nyepesi ya maji baridi. Kila mmoja alitengeneza kwa ajili ya nyumba yake. Kwetu zimefika zote pamoja, zimepangwa ukutani kwa bei, na mnunuzi anaambiwa achague kama anayechagua daraja la hoteli.

Kwa hiyo ningegawa hivi. Mpangaji wa maji ya kubahatisha achukue mapipa mawili, abakize pesa, asione haya. Mwenye nyumba ambaye tangi lake lina mita tano au ana pampu, na anayeweza kununua sabuni sahihi kila mwezi, achukue mlango wa mbele na afue kwa baridi. Ya katikati ni ya wenye migongo na magoti, na ya wenye maji tele.

Wanaojenga sasa, na Wakiso nzima, wilaya inayoizunguka Kampala, inajengwa, wana nafasi ambayo sisi tuliokuta kuta zimesimama hatuna. Kuongeza kipande cha chuma kwenye stendi kabla haijasimamishwa, kuacha bomba moja na tundu la maji machafu kwenye ukuta wa veranda ya nyuma, na soketi juu ya usawa wa mnyunyizo wa mvua, ni gharama ndogo wakati mafundi bado wako kwenye jukwaa. Nyumba nyingi za ghorofa za kupangisha zinamalizwa na vigae vya Italia bafuni bila tundu hata moja la mashine, na mpangaji anaishia kutoboa ukuta wa mtu au kupitisha mpira sebuleni.